Paka Akitapika au Kuendesha: Ngoja Kidogo, au Kimbia kwa Daktari wa Mifugo?



Wazee walisema paka akiondoka panya hutawala. Sisi tunaokaa Gatina hatuhitaji kufafanuliwa neno hilo. Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, mabati yameachana na mbao, na mtaro unapita karibu na mlango. Panya akifukuzwa kwa jirani anaingia kwako. Anatoboa gunia la mahindi, anakojolea unga, anatafuna nguo, na usiku anapita juu ya mtoto aliyelala. Ndiyo maana katika ploti nyingi kuna paka mmoja ambaye kila mtu anamwita wake. Huyu anamtupia kichwa cha omena, yule anamwekea ugali na mchuzi. Hakuna anayemlipa mshahara lakini kazi yake tunaiona.

Sasa, paka huyo akianza kutapika au kuendesha, watu hugawanyika mara tatu. Wa kwanza husema, "Ah, ni paka tu, atapona mwenyewe." Siku ya tatu anamkuta amekauka nyuma ya jiko. Wa pili ana huruma, lakini anachukua kidonge cha binadamu, anakisaga ndani ya maziwa, na kwa huruma hiyo hiyo anamuua. Wa tatu anakopa pesa za chama, anakimbia kwa daktari, kumbe paka alikuwa ameiba mafuta ya kukaangia na angepona kesho yake.

Makala haya yanataka kutusaidia tusiwe yeyote kati ya hao watatu. Jambo lenyewe si gumu. Kuna dalili zinazokuruhusu kungoja siku moja ukiangalia, na kuna nyingine ambazo ukingoja mpaka kesho utakuwa umechelewa. Tujifunze kuzitofautisha.

KWA NINI TUMBO LA PAKA HUCHAFUKA

Paka kutapika mara moja si ajabu. Anajilamba mwili mzima kila siku, na manyoya anayomeza hukusanyika tumboni. Baada ya muda anayatapika yakiwa yamejisokota kama kamba fupi. Pia hula nyasi, kisha akatapika povu na majani. Akimaliza anatingisha kichwa na kwenda zake. Huyo hana ugonjwa.

Sababu nyingine za kawaida ni hizi:

1. Maziwa. Wengi wetu tunaamini paka bila maziwa si paka. Ukweli ni kwamba paka wengi wakishakua hawawezi kusaga vizuri sukari iliyo ndani ya maziwa ya ng'ombe. Maziwa hayo hupita tumboni na kuleta kuhara. Kinywaji cha paka ni maji safi.

2. Chakula cha jaa. Matumbo ya kuku yaliyooza na samaki aliyelala siku mbili kwenye joto humwumiza paka kama vile yangekuumiza wewe.

3. Kubadilishiwa chakula kwa ghafula. Jana ugali na omena, leo nyama ya mafuta baada ya harusi. Tumbo linakataa.

4. Minyoo. Watoto wa paka hupata minyoo hata kwa kunyonya maziwa ya mama yao. Utawaona na tumbo kubwa kama ngoma huku mgongo umekonda.

Hizo ndizo sababu nyepesi. Nzito ni sumu, magonjwa ya virusi, na vitu vilivyokwama matumboni kama mfupa, sindano au uzi. Mafundi wa cherehani, tafadhali msikie hapa: paka hupenda kuchezea uzi, na akiumeza unaweza kumkata matumbo kutoka ndani. Ukiona uzi umening'inia mdomoni au nyuma yake, usiuvute hata kidogo. Mpeleke kwa daktari hivyo hivyo.

MAMBO MANNE YA KUANGALIA

Kabla hujaamua lolote, mkalishe paka mahali penye mwanga, kwa upole, na uangalie mambo manne.

La kwanza, je, bado ni yeye? Paka anayekuja ukimwita, anayefuata nyuzi za jua na kujilamba, bado ana nguvu. Paka aliyejificha chini ya kitanda, hataki kuguswa wala hageuzi kichwa, huyo anaumwa kweli.

La pili, je, anakula na kunywa? Usidharau jambo hili. Mbwa anaweza kukaa siku mbili bila chakula akavumilia. Paka si hivyo. Akikaa siku mbili au tatu bila kula, hasa kama ni mnono, mafuta ya mwili hurundikana kwenye ini na ini linaanza kushindwa na kazi. Hapo ugonjwa mdogo umezaa mkubwa.

La tatu, fizi zake zikoje? Inua mdomo wa juu taratibu. Fizi nzuri ni za waridi na zina unyevu. Zikiwa kavu na za kunata, maji yamepungua mwilini. Zikiwa nyeupe, damu imepungua. Zikiwa za manjano, ini lina shida. Zikiwa za buluu au kahawia, hewa haifiki mwilini inavyopasa. Lakini kama paka anauma au anatokwa na mate mengi, usiguse mdomo wake. Tutaeleza sababu hapo chini.

La nne, ngozi inarudi? Shika ngozi ya mgongoni karibu na mabega, uivute juu kidogo, kisha uiachilie. Ya paka mzima hurudi mara moja. Ya paka aliyekaukiwa na maji husimama kama hema, kisha inarudi pole pole. Ukiona hivyo, usikae kujadiliana.

WAKATI UNAWEZA KUNGOJA SIKU MOJA

Kama paka ni mkubwa, ametapika mara moja au mbili tu, au kinyesi chake ni laini bila damu, na bado anatembea, anakunywa maji na kuonyesha hamu ya chakula, basi mwangalie nyumbani kwa saa 24. Fanya hivi:

- Acha maziwa, mafuta, mifupa na mabaki ya mezani.
- Mwekee maji safi wakati wote, na uyabadilishe asubuhi na jioni.
- Mpe chakula chepesi kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Nyama ya kuku iliyochemshwa bila mfupa, bila chumvi, bila kitunguu, inafaa sana. Samaki aliyechemshwa na kutolewa miiba pia ni sawa. Kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwa damu ya paka.
- Mfungie ndani ya nyumba au mahali utakapokiona kinyesi chake. Paka anayezurura ploti nzima huwezi kujua ameendesha mara ngapi.

Kesho yake akiwa nafuu, mrudishie chakula chake cha kawaida pole pole kwa siku mbili tatu. Akiwa vile vile au amezidi, nenda kwa daktari. Usiongeze siku nyingine ya kungoja.

WAKATI USINGOJE

Mpeleke paka siku hiyo hiyo ukiona hata moja kati ya haya:

- Anatapika tena na tena, au hata maji hayakai tumboni.
- Kuna damu katika matapishi au kinyesi, au kinyesi ni cheusi kama lami.
- Anatapika na kuhara kwa pamoja, na amelegea.
- Hajala kitu kwa siku nzima.
- Tumbo limevimba na kuwa gumu, au analia ukimgusa.
- Fizi ni nyeupe, manjano, buluu au kahawia.
- Anatetemeka, anayumba, au ana degedege.
- Unajua au unashuku amekula sumu, panya mwenye sumu, uzi au mfupa.
- Ni paka mwenye mimba, anayenyonyesha, au mzee sana.
- Ni mtoto wa paka.

Kuhusu watoto wa paka, mfikirie yule wa majuma sita ambaye uzito wake haufiki hata nusu ya pakiti ya unga. Maji yaliyo mwilini mwake ni kidogo sana. Kuendesha asubuhi hadi jioni kunaweza kuyamaliza. Kwa hiyo ile ruhusa ya kungoja siku moja si yake.

Tena, watoto ndio hushambuliwa zaidi na ugonjwa wa virusi unaoitwa panlukopenia. Paka huwa na homa, anatapika, anaendesha, anainamia bakuli la maji bila kunywa, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Virusi hivyo hukaa sakafuni na kwenye matandiko kwa miezi mingi, hata mwaka. Ukileta paka mwingine mahali pale pale bila kusafisha kwa jiki iliyochanganywa na maji, naye anaweza kufa. Binadamu hashikwi na ugonjwa huu, na chanjo yake ipo.

Na kuna jambo moja ambalo hudanganya wengi. Paka dume anachutama, anakaza, analia, hakitoki kitu. Mwenyewe anasema, "Amefunga choo." Anampa mafuta ya kupikia. Kumbe si choo, ni mkojo! Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba sana na unaweza kuziba. Sumu ya mkojo inarudi kwenye damu, anaanza kutapika, na ndani ya siku moja hadi tatu anakufa. Dume anayekaza bila kutoa mkojo asilale nyumbani.

SUMU YA PANYA

Hapa ndipo tunapoumia zaidi. Sumu za panya huuzwa barabarani zikiwa zimefungwa kwa karatasi bila jina lolote. Jirani anaweka usiku, hasemi, na asubuhi paka wa ploti anatoa povu. Tujue kwamba sumu si za aina moja.

Kuna zinazoshika mishipa ya fahamu. Ndani ya dakika au saa chache paka anatokwa na mate mengi, anatapika, anaendesha, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, na mwili unatetemeka.

Kuna za fosfidi ya zinki. Zikikutana na maji ya tumboni hutoa gesi mbaya. Matapishi yake yaweza kuwa na harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Fungua mlango na dirisha, ondoa watoto, na usiiname kunusa.

Na kuna zinazozuia damu isigande. Hizi ni za hila, kwa sababu siku ya kwanza huoni kitu. Baada ya siku mbili hadi tano ndipo paka analegea, fizi zinakuwa nyeupe, na damu inatoka puani au kwenye kinyesi. Zinaweza kumpata hata paka ambaye hakugusa sumu ila alikula panya aliyeila. Habari njema ni kwamba daktari ana dawa, vitamini K, na akiwahiwa paka wengi hupona.

Usimtapishe paka kwa maji ya chumvi, sabuni au makaa. Chumvi nyingi nayo ni sumu, na paka anayetetemeka anaweza kuvuta matapishi mapafuni. Chukua karatasi au pakiti ya sumu kama ipo, uende nayo. Daktari akijua ni sumu gani, nusu ya kazi imekwisha.

DAWA ZA BINADAMU: HAPANA

Hebu tuseme wazi. Kidonge kimoja cha paracetamol cha miligramu 500, kile tunachomeza kichwa kikiuma, kinaweza kumuua paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu. Damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinakuwa za kahawia, uso na miguu vinavimba. Kukata nusu hakusaidii. Aspirini nazo ni hatari, na vidonge vya binadamu vya kuzuia kuhara pia usimpe. Dawa za viuavijasumu zilizobaki baada ya mtoto kupona zisigeuzwe za paka. Hata za minyoo na viroboto, uliza kwanza. Kuna dawa za viroboto za mbwa ambazo huua paka.

MATE MENGI NA TABIA KUBADILIKA: JIHADHARI

Kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Paka mpole akigeuka ghafula kuwa mkali, au akishindwa kumeza na mate yanamtoka, au sauti yake imebadilika, usidhani ni mfupa umemkwama ukatia kidole mdomoni. Mfungie chumbani, watoto wakae mbali, na umwite daktari wa mifugo.

Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano za kinga. Asingoje kuona kama paka atakufa. Dalili za ugonjwa huu zikishaanza kwa mtu, karibu wote hufa. Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kumaliza vifo vya watu vinavyoletwa na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Mpango huo hautafaulu ikiwa sisi wa mitaani hatuchanji wanyama wetu.

AFYA YA WATU WA NYUMBA

Kinyesi cha paka hakipaswi kulala. Paka, hasa aliye mdogo na anayewinda, anaweza kutoa kijidudu kiitwacho toksoplasma, ambacho kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kijidudu hicho huhitaji siku moja au zaidi nje kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo kikiondolewa kila siku, hatari inapungua sana. Mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Akikosa mtu, avae glavu au mfuko wa plastiki mkononi, kisha anawe kwa sabuni. Haina maana ya kumfukuza paka. Mayai ya minyoo ya paka nayo hukaa mchangani mahali watoto wanapochezea, basi tuwafundishe kunawa mikono kabla ya kula.

UKIENDA KWA DAKTARI

Sisi wa Gatina tuna bahati ya kuwa si mbali na Kabete, ambako Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi huwafundisha madaktari na kutibu wanyama. KSPCA, chama cha kutetea wanyama, kiko Karen. Wako pia madaktari wa binafsi. Hakikisha tu kwamba anayekuhudumia amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Usione haya kumwuliza, na usione haya kuuliza gharama kabla hajaanza. Mwambie, "Daktari, pesa nilizo nazo ni hizi, tuanze na lipi lililo la lazima?" Daktari mwema atakuelewa.

Mbebe paka ndani ya katoni iliyotobolewa matundu na kufungwa kwa kamba, au kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa. Usimshike mikononi ndani ya matatu, atakuponyoka. Beba kinyesi kidogo ndani ya kichupa safi. Na uwe na majibu haya: ameanza lini, ametapika mara ngapi, alikula nini, umempa dawa gani, amechanjwa lini. Kama ulimpa kidonge, sema ukweli. Daktari hatakugombeza, anataka tu kumwokoa.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Mtu mmoja akipeleka paka wa ploti nzima kwa pesa zake, ataona ni mzigo. Kikundi kikishirikiana, mzigo unakuwa mwepesi.

1. Wekeni senti kidogo kila mkutano katika mfuko wa mifugo. Mbuzi, kuku na paka wote watafaidika.

2. Mwalikeni daktari wa mifugo siku moja achanje paka na mbwa wa mtaa wote kwa pamoja. Chanjo ya kichaa hutolewa kuanzia miezi mitatu, na ile ya panlukopenia huanza mapema zaidi kisha hurudiwa. Mwombeni atoe na dawa ya minyoo.

3. Pataneni kuhusu sumu. Asiweke mtu sumu bila kuwaambia majirani. Afadhali mitego, kuziba matundu kwa saruji na vyuma, na kuondoa taka. Panya waliokufa wachomwe au wazikwe kwa kina. Na mkumbuke, sumu inayomuua paka leo inaweza kuokotwa na mtoto kesho.

4. Andikeni nambari ya simu ya daktari ukutani, mahali pa kila mtu kuiona.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO

1. Katika ploti yenu, paka akiugua leo usiku, ni nani atakayeamua, na pesa zitatoka wapi?

2. Ni nani kati yetu amewahi kumpa mnyama dawa ya binadamu? Ilikuwaje?

3. Tunaweza kufanya nini ili sumu isiyo na jina isiuzwe mlangoni petu?

Kitabu cha Mithali, sura ya 12, hutufundisha kwamba mtu wa haki hujulikana pia kwa jinsi anavyomjali mnyama wake. Hakisemi mnyama wa bei kubwa tu. Basi leo ukirudi nyumbani, mwite yule paka wa ploti, mwangalie fizi, mvute ngozi ya mgongo, umjue akiwa mzima. Hapo siku akiugua utaona tofauti mapema, na utajua kama ni wa kungoja au wa kukimbiza.